Ufa wa Chumba cha Nyuma

Nilianza na ufa.
Si ramani, si kisiwa, si jina:
ufa tu, Langoni, ukutani chumba cha nyuma,
pale chokaa ilipovimba kwa chumvi ikabanduka
kibanzi kwa kibanzi juu ya kitanda cha bibi.

Nikaupiga picha kwa simu, kurunzi nimeilaza kushoto,
chini, ili kila kibanzi kipate kivuli chake.
Nikaondoa rangi. Nikakaza weusi, nikakaza weupe,
mpaka pasibaki kijivu cha kusitasita.
Na kwenye skrini yangu yenye mstari mmoja wa kijani usiofutika
ukuta ukawa pwani.
Ghuba mbili. Rasi nyembamba, kidole cha mtoto anayesema "kule".
Visiwa saba ambavyo jana vilikuwa uchafu.

Bibi akachungulia begani:
"Na hapa watu hula nini?"
Sikuwa na jibu. Nikaongeza mto.

Mto wa kwanza niliukosea.
Niliupasua njiani, matawi mawili, kila tawi na bahari yake,
kwa kuwa ulipendeza.
Fumo Lali, mwenye duka la kurudufu vyeti,
alicheka hata akaweka kikombe chini.
"Maji hayaagani ovyo, Mwanashee. Maji hukutana.
Anzia baharini, panda nao kuelekea mlimani;
ukifika njia panda, ujue umempata ndugu yake."

Nami nikamlipa kwa tabaka.
Bahari chini kabisa, peke yake, usiiguse tena.
Juu yake nchi. Juu ya nchi, milima.
Majina juu ya vyote, yaelee,
ili mji ukihama usilazimike kuchimba mlima
kulitafuta jina lake.
Na nakala mbili za kila faili,
maana umeme wetu una tabia zake.

Halafu brashi.
Ule ufa niliukata mapande kumi na manne,
nikafanya kila pande brashi:
ukiburuta kipanya, ufuo unajichora,
hauzunguki kama sahani,
unameguka kama mkate wa mofa.
Fumo akasema, uza.
Nikawapa bure wote walioomba.

Kadzo wa Barani, kule Malindi, alinirejeshea nchi nzima.
Pwani yangu kaipindua kichwa chini, kaiita Tondoro,
kaipa barabara, kaburi la malkia, soko la kengele.
Na kwa mkono wake akanifunza msitu:
usichore kila mti.
Chora ukingo tu, miti michache iliyosimama vizuri,
katikati acha patupu.
Mtazamaji ataupanda mwenyewe.

Rajabu akaja fundi na ndoo ya chokaa.
Alikuwa amelipwa, hana kosa.
Alikwangua kutoka adhuhuri;
kufika alasiri rasi ilikuwa vumbi ndani ya karai.
Ukuta ukabaki mweupe kama yai.
Bibi alilala akiutazama.
"Umenyamaza," akasema.

Usiku nikaifungua Tondoro.
Nikaigeuza isimame wima, kama ilivyokuwa juu ya kitanda,
nikavuta karibu, karibu zaidi,
mpaka mawimbi yakawa vijiraba.
Mji mkuu wa Kadzo, na minara yake,
umekaa hasa pale bibi alipokuwa akitundika tasbihi.
Tundu la msumari alilidhani ziwa.
Amelitia buluu.
Amelipa na mashua mbili.

Nikamwandikia maneno matatu:
Ziwa usilifukie.
Hakuuliza kwa nini.

Asubuhi nikampelekea bibi chai.
"Wale watu," nikamwambia, "hula samaki wa ziwani."
Akafikiri kidogo, akaupuliza mvuke.
"Miba mitupu," akasema,
akageukia ukuta.